Hatufiki Mia

Fomu imekuja tena kutoka Helena,
kurasa kumi na nne kwa wanafunzi kumi na mmoja.
Naijaza mimi, Arlys Brandvold, karani,
ambaye alfajiri huwa dereva wa basi,
saa sita mchana mpishi,
na Jumatano msimamizi wa maktaba, yaani kabati.

Swali la kwanza lataka asilimia.
Neno lenyewe linanichekesha:
asili tunazo, za kila namna,
mia ndiyo hatuna.
Ukituhesabu sote, na mbwa wa Lorne
anayelala ukumbini chini ya ubao wa matokeo
tangu baridi ilipobisha hodi mwezi wa kumi,
hatujazi hata basi.
Kila mtoto hapa ni tisa nukta sifuri tisa.
Akikohoa, ugonjwa umeenea.
Akihama, tumeporomoka.

Mwaka juzi Ximena Tzoc alishuka garini mwa baba yake,
mkamuaji wa ng'ombe kwa Oberlander,
kakumbatia daftari lililofungwa kwa uzi mwekundu,
na safu ya Walatino ikaruka kutoka sifuri.
Bwana mmoja wa Helena akapiga simu:
Je, kuna wimbi? Mna mpango gani wa lugha?
Nikamwambia wimbi limekaa dawati la tatu,
linakula tufaha,
linamsahihishia mwanangu insha.
Sikumwambia kwamba hata Kihispania alijifunza ukubwani.
Kikiche hakina kisanduku.

Ukurasa wa sita, mtihani wa darasa la kumi na moja.
Waliosajiliwa: wanne.
Sheria yasema waketi tisini na tano katika kila mia.
Nimepiga hesabu kwa kalamu ya risasi,
nikafuta, nikapiga tena:
watu watatu kamili,
na wa nne alete kiwiliwili,
miguu yaweza kubaki nyumbani.

Truitt hakuleta hata kofia.
Theluji ilikuwa imefika madirishani,
ng'ombe kumi na wanane wanataka kuzaa kwa mkupuo,
na baba yake kalala chali, mgongo mbovu tangu Januari.
Nilisimamisha basi, nikapiga honi mara tatu.
Akatoka zizini, damu hadi viwikoni,
akaninyooshea vidole sita,
akavikunja,
akanyoosha viwili, akatikisa kichwa.
Kisha akarudi ndani.
Andika: hayupo.
Andika: shule imeshuka kwa robo.

Ripoti ikitoka haitamtaja.
Kundi lisilofika watu kumi hufichwa,
na pale pa namba huwekwa nyota.
Basi ripoti yetu ni usiku wa kiangazi:
nyota hisabati, nyota kusoma,
nyota kwa wasichana,
nyota kwa wale wanaokula bila kulipa,
nyota mbili kwa wajukuu wa Verna, Waassiniboine,
ambao mmoja wao hesabu za pembetatu
huzimaliza kabla mwalimu hajageuka.
Nyota njema, husemwa, huonekana asubuhi.
Zetu huonekana Septemba,
karatasini, zote za ukubwa mmoja.

Na nani anafichwa nani?
Dukani kwa Gundersen walijua alama za Lorne
kabla ya Lorne.
Walijua pia nani alilia chooni,
na wakanyamaza, wakamwongezea mkate.

Ukurasa wa mwisho: maoni ya ziada,
herufi zisizozidi mia mbili.
Mwaka jana niliacha wazi.
Mwaka huu nimeandika kwamba Truitt anaomba
afanye mtihani Jumamosi yoyote,
na kwamba Ximena amemnakilia masomo ya wiki mbili
kwa mwandiko unaosomeka.
Nafasi ilikuwa bado ipo, nikaongeza:
ndama kumi na sita hai, kati ya kumi na wanane.
Hiyo ni asilimia themanini na tisa,
nimeisogeza juu kidogo.

Sasa niondoke. Injini ya basi, kwa baridi hii,
yataka nusu saa kabla haijakubali.